Kikombe Kimoja cha Chai, Kuni Mara Mbili

Wasee, wiki iliyopita nilifanya kitu kilichowafanya majirani wanicheke. Niliazima mizani ya muuza nyama, nikaibeba mpaka kibandani kwa mama chai, nikaanza kupima kuni. Mzee mmoja aliyekuwa anasubiri strungi yake akaniuliza, "Kijana, siku hizi kuni zinauzwa na mifupa?" Kibanda kizima kikaangua kicheko.

Sawa, chekeni. Lakini nilichokipata kwenye ile mizani kimenikosesha usingizi, na ndiyo maana leo naandika posti ndefu kuliko kawaida yangu. Chukua kikombe chako, kaa chini.

Kwanza nijitambulishe kwa wale wageni. Mimi ni Mturkana, mtoto wa hapa hapa Kalobeyei. Makazi ya wakimbizi yalipofunguliwa mwaka 2016 nilikuwa bado shule ya msingi, kwa hivyo nimekua nayo. Nimecheza mpira na Wakongo, nimekula injera na Waethiopia, na marafiki zangu wa Sudan Kusini ndio walinifundisha kucheza basketiboli. Mama yangu anauza kuni. Ndiyo, kuni. Anatoka alfajiri na wenzake, anarudi na mzigo kichwani, na mteja wake mkubwa ni mama mmoja Mrundi anayeuza chai Kijiji cha 1. Sisi vijana tunamwita Mama Chai, basi. Kabla ya kuja Kenya alikuwa akichuma majani ya chai kule Teza, mkoa wa Muramvya. Kwa hivyo anajua chai kutoka shambani mpaka kwenye kikombe. Mimi nilikuwa naijua kutoka kwenye kikombe tu.

Haya yote yalianza na chura.

Chura anafanya nini kwenye pakiti?

Kuna pakiti za chai zenye picha ndogo ya chura wa kijani. Siku moja mtoto wa Mama Chai akauliza yule chura anafanya nini pale, kwani chai inatengenezwa na vyura? Tukacheka, lakini hakuna aliyekuwa na jibu. Nikaenda kusoma.

Yule chura ni alama ya Rainforest Alliance, shirika linalokagua mashamba ili mnunuzi ajue kwamba zao lile limelimwa bila kuharibu mazingira na bila kuwanyanyasa wafanyakazi. Na hapa Kenya tuna historia naye: shamba la kwanza la chai duniani kupata cheti chake lilikuwa Kericho, mwaka 2007. Wanaangalia mambo kama msitu wa asili usifyekwe ili kupanda chai, kingo za mito ziachwe na mimea yake, dawa za kunyunyizia zitumike kwa uangalifu, udongo usichukuliwe na maji.

Ni mambo mazuri, siyapingi. Tena Kenya ilikuwa imeshajaribu mambo yake hata kabla ya chura. Mwaka 1986 serikali ilianzisha Nyayo Tea Zones, mkanda wa chai uliopandwa kuzunguka misitu ya serikali, chai iwe kama ua, watu wasiendelee kuingia ndani kukata. KTDA, ambayo inasimamia viwanda vya wakulima wadogo zaidi ya laki tano, imejenga mitambo midogo ya umeme wa maji, kwa mfano kwenye mto Gura kule Nyeri, ili mashine za viwanda zisitegemee umeme wa kununua peke yake.

Nikamsomea Mama Chai haya yote kwenye simu. Akasikiliza mpaka mwisho, akakoroga sufuria yake, akaniuliza swali moja tu: "Na kuni?"

Kuni ya kwanza: kiwandani

Mimi nilidhani jani la chai linachumwa, linaanikwa juani kama sukuma wiki ya kukausha, linawekwa kwenye pakiti. Mama Chai akacheka mpaka akakaa chini.

Alivyonieleza ni hivi. Ukichuma majani mawili na chipukizi lake, yale majani yamejaa maji. Kiwandani yanatandazwa yanyauke, halafu yanakatwakatwa na mashine, yanaachwa yachachuke mpaka yageuke rangi ya kahawia, kisha yanakaushwa kwa hewa ya moto sana mpaka yawe makavu kabisa. Kupata kilo moja ya chai kavu unahitaji kama kilo nne na nusu za majani mabichi. Zile kilo tatu na nusu zinaenda wapi? Zinaenda hewani kama mvuke. Na maji hayaondoki kwa maombi, yanaondoka kwa moto.

Na moto huo hapa Kenya, kwa viwanda vingi, ni kuni. Umeme wa maji wa mto Gura unazungusha mashine, lakini joto la kukausha linatoka kwenye boila, na boila inakula magogo. Niliwahi kupita Kericho kwa basi nikitoka Kisumu kwenda Nairobi, nikaona kando ya mashamba ya chai misitu mirefu imepandwa kwa mistari kama wanajeshi wa gwaride. Nikapiga picha nikiandika "Kenya ni nzuri." Sikujua kwamba ile ni mikaratusi, na sehemu kubwa yake inasubiri boila.

Mkaratusi unakua haraka, ndiyo sifa yake. Lakini pia unakunywa maji sana, ndiyo sababu wataalamu wanasema usipandwe kwenye chemchemi na kingo za mito. Na pale msitu wa kiwanda usipotosha, kuni zinanunuliwa nje, na hapo ndipo unaanza kujiuliza zimetoka kwa nani na zimekatwa wapi. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti kwenye misitu ya umma, na marufuku hiyo ilitangazwa kuondolewa Julai 2023. Katika miaka hiyo yote majani ya chai hayakusubiri. Yalichumwa, na yalihitaji kukaushwa bila kuchelewa.

Viwanda vingine vimeanza kubadilika. Wanapanda misitu yao wenyewe, wanakausha kuni vizuri kabla ya kuzichoma kwa sababu kuni mbichi inapoteza joto, wanachoma briketi na maganda ya makadamia. Hii ndiyo kazi ya maana, na ningependa kuiona imeandikwa kwenye pakiti kubwa kuliko chura.

Basi nikamwambia Mama Chai, tumeshapata mkosaji, ni kiwanda. Akanitazama vile mama anavyomtazama mtoto aliyemaliza hesabu kabla ya wengine na akakosa jibu. Akanyoosha kidole chini ya sufuria.

Kuni ya pili: hapa kwetu

Hapo ndipo mizani ilipoingia.

Mama Chai anapika kwenye sufuria ya lita tano, juu ya mafiga matatu. Anatumia pakiti ya gramu 50 kwa sufuria moja, na hapo anapata vikombe kama 25. Nilipima kuni kabla ya kuwasha, nikapima zilizobaki baada ya chai kuiva. Nikarudia siku tatu kwa sababu ya upepo wetu wa hapa mnaoujua. Wastani ulikuwa kilo moja na robo.

Gramu 50 za majani, kilo moja na robo ya kuni. Yaani kuni zina uzito mara 25 ya chai yenyewe!

Sasa tupige hesabu ya kilo nzima ya chai. Kilo moja ni pakiti 20 za gramu 50. Pakiti 20 ni sufuria 20. Sufuria 20 ni kilo 25 za kuni. Kiwandani, kukausha kilo hiyo hiyo ya chai kunachukua kilo chache tu za kuni, kwa sababu boila imefungwa, moto wake haupigwi na upepo, na kuna mtu analipwa kuuangalia. Watafiti waliofuatilia chai kutoka shambani mpaka mezani katika nchi zingine wanasema jambo linalofanana: mara nyingi sehemu kubwa ya nishati inatumika pale mnywaji anapochemsha maji. Kule Ulaya ni birika la umeme. Kalobeyei ni mgongo wa mama yangu.

Mimi siyo mwanasayansi, na mizani yenyewe ilikuwa na damu ya mbuzi. Lakini hata ukipunguza namba zangu kwa nusu, habari ni ile ile. Moto mkubwa wa chai yetu hauwaki Kericho, unawaka hapa. Na hakuna chura anayekuja kukagua mafiga matatu.

Kuni za hapa zinatoka wapi

Kwa wale msiojua Turkana Magharibi: mkimbizi haruhusiwi kwenda porini kukata kuni. Anapewa mgao wa kuni ambao haumtoshi mwezi, zingine ananunua kwetu sisi wenyeji, kwa pesa au kwa kubadilishana na unga. Akina mama wetu wanakula kwa biashara hiyo, huo ndio ukweli. Lakini ni biashara yenye machozi pia. Wanawake wa kikimbizi wanaoamua kwenda wenyewe wameshapigwa na kunajisiwa huko porini. Akina mama wetu nao wanatembea mbali zaidi kila mwaka. Nilipokuwa mdogo mama alikuwa anarudi kabla jua halijawa kali. Sasa anarudi saa nane mchana, na kuna siku anarudi na nusu mzigo.

Bibi yangu, mama ya baba, alikuwa na ekwar. Kwa wasiokuwa Waturkana nieleze kidogo. Kando ya mito yetu, Turkwel na hizi laga za msimu kama Tarach, familia ilikuwa na sehemu yake ya miti. Haina hati ya ardhi. Ni haki ya kutumia, inarithiwa, na watu wote wanaijua. Kiangazi kikikaza, maganda ya ewoi, ule mgunga mkubwa wenye kivuli kama mwavuli, yanaanguka na mbuzi wako wanakula. Mtu mwingine hawezi kuja kuyapukutisha wala kukata mti bila kukuomba. Akikata, wazee wanakaa, anatozwa. Unaruhusiwa kuchukua matawi makavu, lakini mti wenyewe unauacha usimame, kwa sababu mti uliosimama ni maziwa ya mwakani.

Hebu niambie, hiyo siyo kilimo endelevu? Hakuna mkaguzi aliyekuja kutoka ng'ambo kuwafundisha. Sisi tulikuwa na cheti kabla ya chura, ila chetu kilikuwa kwenye midomo ya wazee.

Mwaka juzi ewoi mmoja wa bibi ulikatwa usiku. Tulikuta kisiki na vumbi la mbao, na siku chache baadaye tukasikia harufu ya tanuri la makaa upande wa pili wa laga. Hatukujua ni nani. Inaweza kuwa mwenyeji, inaweza kuwa mgeni, njaa haina kabila. Bibi hakulia, alikaa tu pale kwenye kisiki mpaka jua likazama. Kisha akasema mbuzi wataanza kumwuliza maswali.

Kwa hivyo nikipima kilo moja na robo ya kuni chini ya sufuria ya chai, sioni namba peke yake, nakiona kile kisiki.

Najua mtakachosema

Mtasema, "Wewe kijana, watu wamepunguziwa chakula, unakuja na habari za mazingira?"

Nawasikia. Mwaka 2025 mgao ulipopunguzwa na watu wakaanza kupangwa kwenye makundi ya nani apate zaidi na nani apate kidogo, niliona nyumba ambazo chakula cha jioni kilikuwa strungi yenye sukari, basi. Chai hapa siyo starehe. Ni chakula, ni dawa ya njaa, ni heshima kwa mgeni. Sitamwambia mtu yeyote aache chai. Mimi mwenyewe nimeandika hii posti kwa vikombe vinne.

Lakini hebu tuangalie nani anaumia kuni zikiisha. Siyo kampuni ya chai. Yule mama aliyepunguziwa mgao ndiye atauza unga wake kidogo ili apate kuni za kupikia unga uliobaki. Mazingira hapa siyo somo la darasani. Ukiona familia inabadilisha chakula kwa moto wa kupikia chakula, ujue mazingira yameshaingia jikoni na yamekaa kwenye kiti.

Wengine mtasema, "Tumieni gesi. Tumieni sola." Gesi kuijaza mtungi ni pesa ambazo Mama Chai hazishiki kwa wakati mmoja. Sola ipo, tunashukuru, kuna mtambo wa sola unaosambaza umeme kwa waya hapa makazini na umebadilisha maisha ya wenye friji na vinyozi. Lakini birika la umeme linakula umeme mwingi sana, na mtu anayenunua umeme kwa shilingi hamsini hamsini hawezi kuuchemshia chai ya kuuza. Itafika siku, lakini chai inanywewa leo.

Tulichojaribu

Kwa hivyo tulijaribu vitu vidogo, mimi na Mama Chai, kwa wiki mbili.

Tulitoa mafiga matatu, tukaweka jiko la udongo la kuokoa kuni ambalo jirani yake alikuwa amelitupa nyuma ya nyumba likiwa na ufa. Tulilikandika na udongo, likasimama. Tulipasua kuni ziwe nyembamba na tukaziacha juani siku mbili kabla ya kuzitumia. Tulifunika sufuria. Wasee, kifuniko peke yake! Watu wengi hapa wanachemsha maji wazi kama wanangoja mvua. Na tukaacha ile tabia ya kuchemsha majani nusu saa ati chai iwe kali. Mama Chai, ambaye amezichuma kwa mikono yake, anasema jani likishatoa rangi na ladha limemaliza kazi, unachochemsha baada ya hapo ni uchungu. Chai ikiiva inaingia kwenye themosi mbili kubwa, moto unazimwa. Hakuna tena kupasha kila mteja akija.

Mizani ikasema gramu 750 kwa sufuria, badala ya kilo moja na robo.

Kwa siku anapika sufuria nne. Anaokoa kilo mbili za kuni kwa siku. Kwa bei anayonunua kuni kwetu, hiyo ni kama shilingi 30 kwa siku, shilingi 900 kwa mwezi. Kwa mtu anayeuza strungi shilingi 10, hiyo ni pesa ya sare ya shule. Mama Chai alifurahi mpaka akanipa chai ya maziwa bure, na mandazi juu.

Nikarudi nyumbani nikiwa nimevimba kichwa. Nikamweleza mama yangu kila kitu. Jiko, kifuniko, themosi, shilingi 900.

Mama akanyamaza. Akaweka chini kamba anayofungia mizigo. Akaniambia, "Hizo mia tisa ni zangu."

Sikuwa na jibu.

Shilingi 900 ni za nani

Hapa ndipo posti yangu ilitakiwa kuisha na picha ya jiko na maneno matamu. Lakini siwezi kuwadanganya. Kila kuni ambayo Mama Chai hanunui ni kuni ambayo mama yangu hauzi. Nimesaidia miti, nimemsaidia jirani, nimeichukua pesa kwenye nyumba yetu wenyewe. Mtu yeyote anayekuja Kalobeyei na mradi wa majiko na hajajibu hilo swali, hajamaliza kufikiri. Na mtu yeyote anayebandika chura kwenye pakiti bila kuuliza chai itachemshwa na nini, naye hajamaliza.

Msimamo wangu ni huu. Chai endelevu haiwezi kuishia kwenye lango la kiwanda. Kenya ilizalisha karibu kilo milioni 598 za chai mwaka 2024. Nyingi zinauzwa nje, lakini zile zinazobaki zinachemshwa kwenye mafiga ya watu kama sisi, na pesa za kuzifanya ziwe "za kijani" zinaishia kule zinakolimwa. Mkulima wa Kericho au Nyeri anaambiwa apande miti, apunguze dawa, alinde mto, na mara nyingi bei anayolipwa haionyeshi kazi hiyo yote. Sisi huku hatuulizwi hata swali. Mnyororo wa chai una pande mbili za jasho, na katikati kuna watu wamekaa kivulini.

Kampuni zinazouza chai kwenye maduka ya Kakuma, Kalobeyei na Lodwar zinaweza kuanza kwa kitu kidogo. Gari linaloleta katoni za chai lilete na majiko ya kuokoa kuni, yauzwe kwa bei ya mama kibanda, alipe kidogo kidogo. Hiyo siyo sadaka. Mtu ambaye moto wake ni rahisi atanunua chai zaidi.

Halafu mama yangu na wenzake wapewe kazi mahali pa ile shilingi 900. Kazi ipo, imejaa miiba: mathenge. Ule mti uliletwa miongo kadhaa iliyopita kuzuia mchanga, sasa umeziba njia, umeingia kwenye laga, miiba yake inatoboa mpaka gurudumu la boda. Ukikatwa unachipuka tena haraka. Kuni zake zinawaka vizuri na makaa yake ni mazuri. Kaunti iwape vikundi vya akina mama kibali cha wazi na mapanga yanayofaa, wavune mathenge, wauze kuni na makaa yenye alama inayosema "hii siyo ewoi." Na mnunuzi akubali kulipa kidogo zaidi kwa alama hiyo, kama vile watu wa ng'ambo wanavyolipa kwa ajili ya chura.

Na wazee warudishiwe meno. Ekwar haijafa, imedharauliwa tu. Mradi ukija kupanda miche, uulize kwanza laga hii ni ekwar ya nani. Mche wenye mwenyewe unamwagiliwa. Mche wa mradi unakauka wiki ambayo wageni wanaondoka na kamera zao. Tumeona hiyo sinema mara nyingi, tunajua mpaka mwisho wake.

Sisi wanywaji nasi tuna kazi yetu: funika sufuria, kausha kuni, tumia themosi, usichemshe jani mpaka lilie. Haigharimu hata shilingi.

Jana jioni

Nilimsomea mama hii posti kabla ya kuiweka, kwa sababu yeye ndiye yuko ndani yake. Nilimtafsiria kwa Kiturkana sehemu ya mathenge. Akasema ule mti anauchukia, umemtoboa mguu mara mbili, lakini ukimlipa ataukata mpaka uombe msamaha. Sehemu ya ewoi hakusema kitu. Alipofika kwa zile mia tisa akacheka, akaniambia nisiibadilishe.

Leo asubuhi amemuuzia Mama Chai mzigo mdogo kuliko wa kawaida. Mama Chai akampa kikombe cha chai ya maziwa, wakakaa pamoja kwenye benchi, wakaongea kuhusu bei ya sukari. Themosi ilikuwa katikati yao. Mimi nilikuwa pembeni narudisha mizani kwa mwenyewe, kwa sababu alikuwa ameshanipigia mara tatu akiuliza kama nimehamia biashara ya nyama.

Ukinywa chai yako leo, popote ulipo, fanya kitu kimoja. Usiangalie pakiti kwanza. Angalia chini ya sufuria, ujiulize ni nani aliyeubeba ule moto mpaka hapo, na alitembea umbali gani.